Vitabu vya nyota kwa watoto: anga la Congo bado linasubiri kuandikwa

Mtoto wa Lubumbashi anayefungua kitabu cha Kifaransa kuhusu jua na sayari anasoma humo kwamba mwezi wa saba ni wakati wa joto. Lakini yeye anajua kwamba katika Haut-Katanga mwezi huo ni wa baridi, na asubuhi watu wanatoka na makoti. Kitabu hakidanganyi. Kiliandikwa kwa mtoto wa Ulaya.

Vitabu vingi vya watoto kuhusu anga vinavyopatikana katika miji ya DRC vinatoka Ufaransa au Ubelgiji. Picha zake ni nzuri, na elimu yake kuhusu sayari ni ya kweli popote duniani. Tatizo linaanza mtoto anapotoka nje usiku kutafuta alichosoma.

Mfano wa kwanza ni Nyota ya Kaskazini. Vitabu hivyo vinaifanya kuwa mwanzo wa kila somo, lakini Lubumbashi haionekani hata siku moja. Mfano wa pili ni jua la saa sita mchana. Ufaransa liko upande wa kusini siku zote. Lubumbashi, kwa sehemu kubwa ya mwaka, liko upande wa kaskazini.

Hata mwezi unaleta matata. Watoto wa Ufaransa wanafundishwa kuutambua kwa herufi: ukifanana na p ni robo ya kwanza, « premier », ukifanana na d ni robo ya mwisho, « dernier ». Goma, karibu na ikweta, mwezi mchanga unalala kama mtumbwi juu ya ziwa. Ujanja wa herufi haufanyi kazi, na mwanafunzi anaweza kudhani kwamba hakuelewa somo.

Jambo lingine ni umri wa vitabu. Vingi vinapita mkono kwa mkono kwa miaka. Kilichochapishwa kabla ya mwezi wa nane 2006 bado kinahesabu sayari tisa, wakati mkutano wa wanaastronomia wa dunia uliofanyika Prague uliiondoa Pluto katika orodha, zikabaki nane. Zohali nayo, mwezi wa tatu 2025, ilifikisha miezi 274 inayotambuliwa.

Hata hivyo, DRC ina mali ambayo mwandishi wa Paris hana. Karibu na ikweta, mtoto anaweza kuona nyota za kaskazini na za kusini: Msalaba wa Kusini na Dubu Mkubwa katika usiku mmoja wa mwezi wa tano. Na Ishango, kando ya ziwa Edouard katika hifadhi ya Virunga, ndiko Mbelgiji Jean de Heinzelin alikofukua, mwaka 1950, mfupa wenye alama za kuchanja, wa miaka karibu 20.000. Mtafiti wa Marekani Alexander Marshack aliona humo hesabu ya siku za mwezi. Wengine wanapinga na kusema ni hesabu ya kawaida. Mfupa wenyewe uko Brussels.

Lugha pia ipo. Sheria ya elimu ya tarehe 11 februari 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa katika miaka ya kwanza ya shule ya msingi, na Kiswahili ni moja kati ya lugha hizo nne. Maneno hayakosekani: Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zohali. Kuna pia Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake linatokana na kulima, kwa sababu wakulima walilitazama ili kujua majira.

Picha si kizuizi kikubwa. Nyingi za shirika la NASA zinaweza kutumiwa bure kwa ajili ya elimu. Kinachobaki ni mwandishi, mwalimu wa kusahihisha, na pesa ya karatasi na uchapishaji. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu zaidi, katika nchi ambako darasa zima mara nyingi linagawana vitabu vichache.

Kwa sasa, walimu wenye kitabu cha Ulaya wanaweza kuanza na kazi ndogo isiyo na gharama: kuwaomba wanafunzi wachore mwezi jinsi wanavyouona nyumbani kwa siku 30, kisha kulinganisha michoro na kitabu. Pale vinapotofautiana, somo linaanzia hapo.