Manowari za Ulinzi Zilizoachwa Kabla ya Kumalizika

Wenyeji wa Nakuru, Naivasha na Gilgil wakaa karibu na maziwa, na bahari iko mbali nao. Hata hivyo, katika Vita Kuu ya Pili askari waliotoka Uganda walipita Nakuru kwa gari la moshi wakielekea Mombasa, huko wapande meli. Usalama wao baharini ulitegemea manowari ndogo za ulinzi, ambazo kazi yake ilikuwa kufuatana na meli za askari na kuwinda nyambizi za adui.

Tarehe 5 Februari 1944 meli tano za askari ziliondoka Kilindini kwenda Colombo. Katika mojawapo, Khedive Ismail, walikuwamo watu 1,511, pamoja na wapiga mizinga wa Rejimenti ya 301 ya Afrika ya Mashariki. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, walinzi wao walikuwa manowari tatu tu: Hawkins, Paladin na Petard. Nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail, nayo ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Paladin na Petard ziliishambulia nyambizi hiyo hata ikazama.

Ajabu ni kwamba wakati huo Marekani ilikuwa imekwisha anza kufuta manowari za ulinzi ilizoagiza. Ziliagizwa zaidi ya 1,000, zikamalizika 563. Uingereza nayo iliagiza manowari 110 za aina ya Loch, zilizopewa majina ya maziwa ya Scotland; kabla vita haijasahauliwa, 54 kati ya hizo zilikuwa zimefutwa.

Uamuzi huo ulikuwa na sababu. Mwezi wa Mei 1943 nyambizi za Kijerumani zilishindwa katika Atlantiki, na chuma na mafundi vilitakiwa kwa vyombo vya kushusha majeshi pwani. Lakini hatari iliyopungua katika bahari moja haikuwa imekwisha katika nyingine, na Bahari ya Hindi ilikuwa bado na upungufu wa walinzi.

Askari wale hawana makaburi. Majina ya wengi wao yameandikwa katika ukumbusho uliomo makaburini mwa askari, Nairobi, ambapo jamaa zao waweza kuyasoma.