Kijakazi Aliyebaki: Utii na Dhuluma katika Riwaya za Unguja

Asomaye Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa mwaka 1978, hukutana na jambo la kukera. Mwinyi Fuad ni tajiri wa mashamba kisiwani Unguja, na mtumishi wake aitwa Kijakazi. Hilo ni neno la utumwa lililogeuzwa kuwa jina la mtu. Mama huyu hutukanwa, naye humtumikia bwana wake kwa moyo wote. Hata yalipokuja Mapinduzi ya Januari 1964, hakuuacha utiifu wake mara moja.

Ni rahisi kumwita mjinga. Lakini soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Mbona basi Kijakazi yungali amefungwa? Shafi aonyesha kwamba mamlaka ya dhuluma hayaishii kwenye mikono ya mtu. Humfundisha pia kujipima kwa kipimo cha yule anayemdhulumu.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliligusa jambo hilo hilo kwa njia ya upole zaidi, na kwa maoni yangu ya kutisha zaidi. Katika riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 (iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022 kwa jina Peponi), Yusuf, mtoto wa miaka 12 kutoka bara, achukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Aziz hampigi. Ni mtu mtulivu, anukiaye manukato, na mtoto amezoea kumwita ami. Ni Khalil, kijana mwenziwe aliyewekwa rehani kama yeye, amwambiaye kwamba yule si ami yake kamwe.

Hapo ndipo mchungaji hana budi kusimama kidogo. Binti aliyeletwa mjini kutoka shamba, afanyaye kazi bila mshahara katika nyumba ambamo huitwa "mtoto wetu", akiulizwa mbele ya wenyeji wake kama anaishi vizuri, atajibu ndiyo. Kijakazi naye angejibu hivyo. Jibu hilo halitoshi kuwa ushahidi. Yafaa aulizwe akiwa peke yake, tena zaidi ya mara moja, na kuhusu mambo madogo: analala wapi, ujira wake anao nani, aliwaona wazazi wake lini.

Katika bustani ya Aziz yumo pia mzee Hamdani, mtumwa aliyetolewa zamani kama zawadi ya arusi. Bibi yake alipotaka kumpa uhuru, aliukataa, akaendelea kumwagilia miti. Msomaji wa haraka atamweka pamoja na Kijakazi. Lakini Hamdani hakukataa kwa mapenzi wala kwa woga: alimkatalia bibi haki ya kutoa kitu ambacho hakikuwa chake tangu mwanzo.