Mnara Una Tajiri, Habari Haina

Jioni bandarini Kalemie, nchini Kongo, kila mtu ameinamia simu. Aliyeishiwa mega anatafuta muuzaji. Aliyefiwa anakwenda redioni na komunike, yaani tangazo lake, analipa, mtangazaji anaisoma. Wote wawili wamelipia habari, lakini ni fedha ya yule wa kwanza tu inayowavuta matajiri wa mbali.

Matajiri hao ni mifuko ya uwekezaji binafsi. Hununua kampuni, huinenepesha, kisha huiuza baada ya miaka kadhaa. Helios Investment Partners, iliyoanzishwa London mwaka 2004 na Wanigeria wawili, Tope Lawani na Babatunde Soyoye, ndiyo iliyoiasisi Helios Towers, kampuni ya minara ya simu. Kampuni hiyo iliingia Kongo mwaka 2011 kwa kununua minara ya Tigo, na mwaka 2019 hisa zake zikafika soko la London. Mnara haujali unarusha nini, uzushi au msiba. Kodi yake kampuni za simu zimekwisha kuitilia saini kwa miaka mingi mbele.

Mtaji hupenda mlipaji wa uhakika, na mji huu unalijua hilo tangu ulipoitwa Albertville. Reli ya CFL, kampuni ya tajiri Mbelgiji Édouard Empain, ilifika hapa mwaka 1915. Haikuwa kamari, kwani tangu 1902 dola ya Mfalme Leopold ilikuwa imewadhaminia wenye hisa riba yao.

Hata vitabu vina hesabu hiyo. Nchini Kenya, kampuni ya uwekezaji ya Centum ilijiongezea hisa katika Longhorn, wachapishaji wa Kamusi ya Karne ya 21, mpaka ikawa ndiyo yenye sauti kubwa. Kilichovutia hapo ni vitabu vya kiada, maana kila mwaka darasa hupata watoto wapya; riwaya haina mteja wa namna hiyo. Lakini mwaka 2018 serikali ilianza kuvinunua yenyewe na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, kwa bei ya chini. Mlipaji alipobadili masharti, faida ya wachapishaji kwa kila kitabu ikanywea.

Na habari yenyewe, nani anailipia? Redio Okapi, inayosikika hapa Kalemie, ilianzishwa tarehe 25 Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Fondation Hirondelle. Inaishi kwa fedha za wafadhili, na mfadhili ana siku yake ya kuondoka. Redio ndogo za mitaani zinaishi kwa komunike.

Mwandishi wa kawaida, mshahara ukichelewa, anabaki na «coupage», ile bahasha anayopewa na mwenye sherehe au mkutano. Kwa hiyo anayeandikwa ndiye anayemlipa anayeandika. Huo nao ni uwekezaji, tena hausubiri miaka kadhaa: faida yake husikika jioni ileile, katika taarifa ya habari.