Kasa na Mayai Yake: Mambo Tunayopaswa Kuyajua

Ukipita ufuoni alfajiri kule Watamu au Kiunga, pengine utaona alama kubwa mchangani kama za gurudumu la trekta. Zinatoka majini, zinapanda juu, halafu zinarudi majini. Hilo si trekta! Ni kasa jike aliyekuja usiku kutaga mayai. Sisi watu wa pwani tunaishi karibu naye, lakini wengi wetu hatujui maisha yake. Hebu tuyaangalie.

Je, kasa huzaana vipi?

Dume na jike hupandana baharini. Dume humshika jike kwa kucha zake, na baada ya hapo dume hana haja ya kuja nchi kavu. Jike hurudi kutaga katika sehemu ileile ya pwani alikoanguliwa yeye mwenyewe. Lakini hachukui mwaka mmoja au miwili kukomaa. Kasa wa kawaida, yule wa kijani, huchukua miaka 20 na zaidi. Na akishaanza kutaga, hatagi kila mwaka. Hupumzika miaka 2 au zaidi.

Usiku wa kutaga, hupanda mpaka juu ya alama ya maji kujaa. Huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai kama 100 hivi, kisha hufukia na kurudi zake. Mayai ni mviringo, na ganda lake ni laini kama ngozi. Watu humwona akitokwa na machozi wakasema analia kwa uchungu. Kumbe anatoa chumvi ya bahari iliyozidi mwilini! Baada ya wiki 2 hivi hurudi kutaga tena, na hufanya hivyo mara kadhaa katika msimu mmoja.

Mayai hukaa mchangani karibu miezi 2. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa moto hutoa majike, wa baridi hutoa madume. Ndiyo sababu tukikata miti yote ya ufuoni, kivuli kikaisha, tunaharibu hata hesabu ya madume na majike.

Watoto hutoka usiku, wakifuata mwanga wa upeo wa bahari. Wakiona taa za hoteli au za nyumba, hupotea njia wakafia nchi kavu. Wengine huliwa na kaa, ndege na samaki. Wanaofika utu uzima ni wachache mno. Kwa hivyo ukimuua jike mmoja aliyekomaa, hasara yake si ya leo tu.

Na nyama je?

Hapa tusifichane. Nyama ya kasa inaweza kuwa na sumu, na sumu hiyo haiishi hata ukipika vipi. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu 9 walikufa baada ya kula nyama hiyo, na 8 kati yao walikuwa watoto. Tena sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inamlinda kasa.

Basi tufanye nini?

1. Ukimkuta anataga, kaa mbali, nyamaza, zima tochi.
2. Usifukue mayai wala kuyageuza. Kiinitete hujishika kwenye ganda, na yai likigeuzwa kinaweza kufa.
3. Wavuvi, kagueni nyavu mara kwa mara. Kasa hupumua hewa kama sisi. Akinaswa muda mrefu hufa maji.
4. Mpashe habari ofisa wa KWS au kikundi cha ufuo kilicho karibu.
5. Akina mama na akina baba, waelezeni watoto habari ya sumu hii leo, si kesho.

Tukimwachia ufuo wake usiku mmoja tu, kazi iliyobaki anaijua mwenyewe.