Askari Aliyempiga Mwizi: Utata Ndani ya Ngeli ya A-WA

Sentensi “Askari aliyempiga mwizi amelazwa hospitalini” haina neno gumu hata moja, lakini humweka msomaji njia panda, kwani akisoma maneno matatu ya mwanzo humwona askari akitoa kipigo, na akifika kwenye kulazwa hulazimika kujiuliza iwapo mwizi ndiye aliyepiga. Sarufi inaruhusu maana zote mbili, kwa sababu kirejeshi, yaani kiambishi -ye- kinachorejelea nomino iliyotangulia, huweza kusimama kwa mtenda au kwa mtendwa, na katika muundo huu mtenda anaweza kutajwa baada ya kitenzi, kama katika “kitabu alichonunua mwalimu”.

Katika mfano huo wa kitabu hakuna anayepotea, maana a- ni ya mwalimu na -cho- ni ya kitabu. Upatanisho wa kisarufi, yaani kukubaliana kwa viambishi na ngeli ya nomino, umekwisha kuamua. Upatanisho huo hushindwa pale watu wawili, kila mmoja katika umoja, wanapokutana ndani ya ngeli ya A-WA, kwa kuwa a-, -ye- na -m- huwafaa wote wawili. Wezi wakiwa wengi, “askari waliyempiga wezi” haiachi shaka yoyote.

Mwaka 1982 Lyn Frazier na Keith Rayner walifuatilia macho ya wasomaji wa Kiingereza, wakaona kwamba jicho hukawia, na pengine hurudi nyuma, linapokutana na neno linalovunja tafsiri ya kwanza. Msomaji, kumbe, hangoji nukta ndipo aamue. Namna ya kuamua nayo hutofautiana kwa lugha: mwaka 1988 Fernando Cuetos na Don Mitchell waliwapa wasomaji sentensi kuhusu mtumishi wa mwigizaji aliyekuwa roshanini, na wale wa Kihispania wakaelekea kumweka mtumishi roshanini, ilhali wale wa Kiingereza wakaelekea kumweka mwigizaji.

Vitabu vya shule hupenda zaidi “Juma alimpigia Asha mpira”, mfano wenye maana nyingi lakini usio na mtego, kwa kuwa hakuna neno la baadaye linalomsuta msomaji. Wa askari ni hatari zaidi, hasa katika habari za mahakamani, ingawa dawa yake ni nyepesi: kauli ya kutendwa, “aliyepigwa na mwizi”, au amba-, ambayo hurefusha sentensi lakini hutenganisha waziwazi “ambaye alimpiga mwizi” na “ambaye mwizi alimpiga”.