Fikasi, Lusina na Udongo Mweusi wa Syokimau

Ukitoka stesheni ya reli ya Syokimau kuelekea Katani, utaona geti baada ya geti lina fikasi mbili zilizonyolewa duara kama walinzi wa zamu. Mti wenyewe unapendeza: haupukutishi majani ovyo, unakua haraka, na mche wake unapatikana kwenye vitalu vya kando ya barabara. Kasoro yake iko chini, kwenye mizizi, na Syokimau huko chini ndiko kwenye matata.

Sehemu kubwa ya tambarare hii ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule mafundi wanaouita blakikotoni. Mvua ikinyesha huvimba. Kiangazi hunywea na kufanya nyufa zinazomeza kidole. Mjenzi makini huuchimba na kuutoa mpaka afike kwenye mwamba ndipo amwage zege. Lakini ukuta wa ua mara nyingi hujengwa kwa kubana matumizi, msingi wake mfupi ukakalia udongo huohuo. Mti mkubwa ukiwa kando yake, mizizi hunyonya unyevu wa upande mmoja kuliko mwingine, hasa kati ya Juni na Oktoba. Upande ule hushuka, na ukuta hupasuka kwa mshazari, ngazi kwa ngazi, ukifuata viungo vya mawe. Ufa unaofunguka kiangazi na kujibana wakati wa mvua si kosa la aliyepiga plasta. Kuuziba kwa simenti kila mwaka ni kutupa pesa.

Watu wengi huamini kwamba mizizi huvunja mabomba. Bomba zima kwa kawaida halivunjiki hivyo. Mzizi hufuata unyevu: kiungo kikivuja kidogo tu, uzi mwembamba hupenya, kisha hunenepa ndani na kujisokota hadi maji yakwame. Nyumba nyingi hapa zinategemea septiki na shimo la kufyonza, tena zina tangi la chini ya ardhi la kuwekea maji ya boza au ya kisima. Fikasi ikiwa jirani, tangi lenye ufa mwembamba na chemba ya choo kwake ni mamoja. Ukifungua mfuniko ukakuta ndevu za kahawia zikielea, tafuta ufa kabla hujalaumu muuza maji.

Sasa piga hesabu. Katika udongo unaovimba, mti mkubwa unashauriwa kukaa mbali na jengo kwa umbali usiopungua urefu wake ukikomaa. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15 hivi, na fikasi isiyopogolewa hupita urefu huo. Kwa hiyo hakuna pembe ya ploti inayoifaa, labda ubaki na mkasi mkononi maisha yako yote. Mkaratusi ndio usiseme. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi ikatwe kando ya mito na chemchemi kwa sababu ya kiu yake. Mti wa namna hiyo unautakia nini nyuma ya jiko?

Miti vamizi ina kesi nyingine, kwa kuwa madhara yake huruka ukuta. Mathenge uliletwa Kenya miaka ya 1970, ukapelekwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ukafunika malisho. Mwaka 2006 jamii ya Wailchamus wa Marigat, hukohuko Baringo, iliishtaki serikali, ikapeleka mahakamani hadi mbuzi kibogoyo kuonyesha jinsi maganda yake matamu yanavyoozesha meno. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa magugu hatari. Usiupande hata kwa kivuli.

Lusina haujapata sifa mbaya kama hiyo hapa kwetu, ingawa umo kwenye orodha ya shirika la uhifadhi la IUCN ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani. Hupukutisha mbegu kwa maelfu, na ukiukata kisiki huchipua upya, sharti uking'oe. Kibobakasi nao umo kwenye orodha hiyo. Ni mti wetu wenyewe, wa maua mekundu, na huku hauna ubaya wowote, lakini Queensland, Australia, kuuza au kugawa mche wake ni kosa. Thevetia, wa maua ya njano yenye umbo la kengele, ninaukataa kwa sababu nyingine: mbegu na utomvu wake ni sumu ya moyo. Penye watoto wadogo usiwepo.

Kuhusu miti inayochafua tu, nina huruma zaidi. Jakaranda na grevilea hujaza gata, jambo la kero kwa anayevuna maji ya mvua, lakini gata husafishwa. Mzambarau utapaka gari lako rangi ya wino. Liegeshe kwingine, ule zambarau.

Kwa ploti ndogo, mlimau na mkomamanga vinatosha. Ukitaka ua wa miiba, mtandamboo ni wa asili ya huku, ndio Wakamba wanaouita mukawa, na matunda yake yanaliwa. Na kama una mti mkubwa uliotangulia nyumba, usiukate kwa pupa: udongo ambao mti umeukausha kwa miaka mingi utakunywa maji tena, utavimba na kuinua msingi. Mwite mhandisi kwanza, kisha uulizie kibali cha kuukata.

Vyama vya wakazi wa Syokimau vina kanuni za taka, walinzi na hata rangi ya geti. Vikikutana tena, viongeze kanuni moja: mti upandwe umbali gani kutoka ukuta wa jirani.