Konzi Moja Kabla ya Kusonga Ugali

Mimi ni karani wa parokia, na kitabu cha michango hukaa mezani kwangu. Mwaka mmoja mvua zilikatika mahindi yakiwa bado ya magotini. Nami Jumapili moja nikasimama kanisani, nikasoma majina ya nyumba zisizotoa zaka. Nilisoma kwa sauti safi, kama tulivyofundishwa chuo cha ualimu. Jumapili iliyofuata mama mmoja mjane hakuonekana, wala ile ya pili yake. Nilipokwenda kumwamkia aliniambia, "Mwanangu, nitakuja nikipata shilingi. Sitaki kusomwa tena." Tangu hapo sisomi jina la mtu, hata wazee wa kamati wakininunia.

Twapenda sana habari ya mjane wa Injili aliyetia senti mbili katika sanduku la hekalu. Lakini fungueni Marko sura ya 12 mtazame mstari wa 40, ulio kabla yake tu: Bwana Yesu awakemea wale wanaokula nyumba za wajane. Basi habari ile isiwe fimbo ya kumkamulia maskini.

Fedha ni ngumu, hilo halina ubishi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, mbolea ilipanda bei hata vijijini kwetu, ambako wengi hawajui Ukraine iko upande gani. Lakini je, sadaka ni fedha tu?

Huko Mizoram, kaskazini-mashariki ya Bara Hindi, akina mama wa Kanisa la Presbiteri walianza desturi mwaka 1910. Kila mama apikapo, kabla ya kutia mchele chunguni, huchota konzi moja na kuiweka kando. Baadaye hukusanywa na kuuzwa kwa kazi za Kanisa. Watu wale hawakuwa matajiri, na desturi hiyo imedumu zaidi ya miaka mia moja. Sioni haya kujifunza kwao.

Nilipima konzi ya mke wangu kwa mizani ya dukani: gramu 50 za unga. Tukipika mara mbili kwa siku, kwa juma moja ni gramu 700. Nyumba kumi na mbili za jumuiya zapata kilo nane na kitu. Mgonjwa asiye na mtu atakula, na nyumbani kwako hakuna atakayelala njaa kwa konzi hiyo. Ila debe la kukusanyia lipite limefunikwa, pasiwe na wa kuchungulia nani ametia nyingi. Na unga usikawizwe, usije ukaota wadudu.

Asiye na unga ana mikono. Wakati wa palizi, asubuhi moja ya vijana wanne katika shamba la mgonjwa ni sadaka kubwa kuliko noti. Mwenye ng'ombe wa kulimia ampe jirani siku moja bure. Mwenye mbegu akopeshe, arudishiwe kipimo kile kile baada ya mavuno, bila nyongeza.

Tena tusipeleke vitu tukakimbia. Mwenye heri Frédéric Ozanam alikuwa mwanafunzi wa miaka 20 tu huko Paris mwaka 1833, alipoanza na wenzake wachache Chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo. Kazi yao ilikuwa kuwaendea maskini majumbani mwao, kuketi nao na kuwasikiliza. Kuketi hakuna gharama, lakini wengi wetu twapata taabu nako kuliko kutoa shilingi.

Yule mama mjane je? Jumuiya yake ilipoanza konzi, alitia yake kama wenzake, akarudi kanisani. Sasa yeye ndiye mtunza debe. Juma lililopita alinisimamisha njiani, akaniuliza kama nyumbani kwangu siku hizi tunapika mara moja tu.